Shemeji alikataa milioni 20, mahakama ikampa 17 na gharama akanyimwa. Hii imekaaje?

#1 Ng'wana Kayenze
Wakuu habari za jioni. Naleta jambo la shemeji yangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba.

Mwaka 2022 alipakia magunia kwenye fuso kwenda Tunduma. Dereva na tandiboi wakalala Singida, turubai halijafungwa nyuma, mvua ikapiga usiku kucha. Mzigo ulivyofika ulikuwa unafuka joto na harufu. Wateja wa Kongo wakaugoma, ukaishia kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Akamshtaki mwenye fuso milioni 38, yaani 26 thamani ya mzigo na 12 fidia ya jumla (ile ya usumbufu, anayoikadiria hakimu mwenyewe). Mwanzoni mwa 2023, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, wakili wa mwenye fuso akaandika barua: tupo tayari kulipa milioni 20 tumalize. Shemeji akaona kama anadharauliwa, akakataa.

Hukumu imetoka majuzi. Amepewa milioni 14 za mzigo (zile zilizokuwa na risiti) na milioni 3 fidia ya jumla. Jumla 17, na riba ya asilimia 7 kuanzia siku ya hukumu. Halafu mstari wa mwisho: kila upande ubebe gharama zake.

Wakili wake keshachukua milioni 4 na nusu. Ina maana mtu ameshinda kesi lakini gharama harudishiwi? Na je, hii ni adhabu ya kukataa ile 20?

#2 Kamanga Feri
Naweka kiti, waje wajuvi.

#3 Sato Mbichi
Milioni 20 kwa dagaa waliolowa, mtu anakataa? Shemeji yako ana roho ngumu. Mimi ningechukua kabla wino haujakauka.

#4 Joho Jeusi
Mkuu Ng'wana Kayenze, pole kwa shemeji. Kanuni ya msingi iko kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Gharama ziko mikononi mwa mahakama, ina hiari. Lakini hiari hiyo si ya kurusha shilingi. Kwa kawaida gharama hufuata matokeo, anayeshinda hulipwa. Mahakama ikiamua zisifuate matokeo, lazima iandike sababu.

Kwa hiyo la kwanza, soma hukumu. Kuna sababu yoyote pale, au ni huo mstari mmoja tu?

#5 Nyegezi Stendi
Mimi nina magari ya mizigo, niseme ukweli ambao wengine hamtaki kuusikia. Huyo mwenye fuso alikubali kulipa mapema. Alitoa 20. Mahakama imesema deni halali ni 17. Sasa hiyo miaka miwili na zaidi ya kwenda mahakamani kila tarehe, nani kaisababisha? Aliyekataa. Halafu mnataka mwenye fuso amlipie na wakili? Hakimu kaona sawasawa.

#6 Joho Jeusi
Jibu kwa #5. Mkuu, hoja yako ina uzito, ila kuna swali kabla yake. Hakimu aliijua hiyo barua? Barua nyingi za namna hii juu huandikwa "bila kuathiri haki", na maana yake ni kwamba haziletwi mahakamani kuwa ushahidi. Zikiletwa ovyo hakuna mtu atathubutu kujadiliana, maana leo natoa ofa ya 20, kesho unaenda kumwambia hakimu "si unaona, amekiri deni".

Mtoa mada, kichwa cha barua kinasemaje?

#7 Ng'wana Kayenze
Nimempigia shemeji sasa hivi. Kichwa kinasema BILA KUATHIRI HAKI kwa herufi kubwa. Hakuna nyongeza yoyote baada ya hapo.

Ila wakili wa mwenye fuso aliiambatisha kwenye majumuisho yake ya mwisho. Wakili wetu akapinga. Hukumu haiitaji hiyo barua popote, wala kwa kuikubali wala kwa kuikataa. Kuhusu gharama kuna sentensi mbili tu: "Mdai amefaulu kwa sehemu. Kila upande utabeba gharama zake."

#8 Mzee wa Masijala
Vijana, nimekaa masijala ya mahakama mpaka nikastaafu, nimegonga chapa hukumu za kutosha. Hiyo "amefaulu kwa sehemu" ndiyo sababu yenyewe, msiende mbali. Mtu amedai 38 amepata 17, hajafika nusu. Mahakimu wengi wakiona hivyo huona pande zote zimeshinda kidogo na kushindwa kidogo, wanafunga faili kwa kila mtu kubeba mzigo wake. Barua haina uhusiano hapo. Hata isingeandikwa, mstari ungekuwa huo huo.

#9 Joho Jeusi
Mzee shikamoo. Nakubali ndivyo inavyotokea. Ila kufaulu kwa sehemu si kushindwa. Aliyelazimika kwenda mahakamani kupata milioni 17 zake ni mshindi, na mwenye fuso kwenye majibu yake ya madai alikana kila kitu, sivyo? Kama alikana kila kitu, basi matokeo ambayo gharama zinayafuata ni ushindi wa mdai.

#10 Mzee wa Masijala
Marahaba. Hayo ya vitabuni sawa. Mimi nasema ya kwenye faili.

#11 Ng'wana Kayenze
Alikana kila kitu, mpaka kwamba gari ni lake.

#12 Sato Mbichi
😂😂 Halafu huyo huyo anatoa ofa ya milioni 20 kwa gari lisilo lake. Huruma ya namna hii Mwanza haipo.

#13 Mtoro wa Leicester
Salamu kutoka baridini. Nafanya kazi ofisi ya mawakili huku Uingereza, niongeze kidogo kwa sababu hili suala huku limechambuliwa mpaka mifupa.

Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya huku iliamua kesi ya Calderbank. Wanandoa waliotengana wanagombania mali. Mke alimpa mume ofa ya nyumba yenye thamani ya pauni 12,000, mume akakataa, mahakama ikampa pauni 10,000. Angalieni inavyofanana na 20 na 17 ya shemeji. Tatizo lilikuwa hilo hilo la #6, barua ya siri haiwezi kuonyeshwa. Wakapata njia: unaandika "bila kuathiri haki, isipokuwa kuhusu gharama". Hakimu haioni barua mpaka amalize kuamua nani kashinda na kiasi gani. Akishamaliza, ndipo inafunguliwa kwa ajili ya gharama peke yake.

Baadaye, 1999, wakaweka kanuni kamili, wanaiita Sehemu ya 36. Ofa inakaa wazi siku zisizopungua 21. Mdai akiikataa halafu asipate zaidi ya hapo, kwa kawaida analipa gharama za mdaiwa kuanzia muda ule ulipoisha, labda mahakama ione si haki kufanya hivyo. Na tangu 2011 kulinganisha ni kwa fedha tu, ukizidi hata kwa pauni moja umezidi. Hakuna tena "ah, alipata kidogo zaidi lakini haikustahili usumbufu".

Barua ya shemeji haina hayo maneno ya nyongeza. Huku ingebaki imefungwa.

#14 Nyegezi Stendi
Huku siyo Leicester mkuu. Huku tunaangalia haki.

#15 Mtoro wa Leicester
Jibu kwa #14. Na huku wanaangalia haki hiyo hiyo, ila kwanza wanaangalia tarehe kwenye barua.

#16 Omera Kisumu
Watu wa Mwanza hamjambo, jirani yenu wa ng'ambo ya ziwa napita. Kwetu Kenya kifungu ni cha 27, maneno yanakaribiana: gharama hufuata matokeo isipokuwa mahakama ione sababu nzuri. Na Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Jasbir Singh Rai, 2014, ilisema wazi kwamba hiyo hiari inaangalia mwenendo wa wahusika kabla ya kesi, wakati wa kesi na hata baadaye. Sasa kukataa ofa nzuri si mwenendo? Mimi naona Nyegezi Stendi hajakosea sana.

#17 Kamanga Feri
Omera vipi dagaa huko, bei imekaaje? Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#18 Omera Kisumu
Huku tunawaita omena. Bei imepanda, leteni.

#19 Joho Jeusi
Turudi. Jibu kwa #13 na #16. Maamuzi ya Uingereza na Kenya kwetu ni ya kushawishi, hayamfungi hakimu. Kanuni kama Sehemu ya 36 hatuna. Lakini tuna kitu ambacho watu wanakisahau: Amri ya XXIV ya Sheria ya Mwenendo, mdaiwa kuweka fedha mahakamani.

Iko hivi. Mdaiwa kwenye madai ya deni au fidia anaona deni lake halali ni 20. Haandiki barua, anaweka 20 mahakamani na mdai anapewa taarifa. Kuanzia hapo riba kwenye hicho kiasi inakoma. Mdai anaweza kuchukua na kumaliza. Au anaweza kuchukua kama sehemu ya deni na kuendelea kudai kilichobaki. Akiendelea, na mwisho mahakama ikaona kile kilichowekwa kilikuwa kinatosha, mdai ndiye anabeba gharama za baada ya kuweka, pamoja na zile za kabla zilizosababishwa na yeye kudai kupita kiasi.

Mwenye fuso angefanya hivyo leo asingekuwa na haja ya kupenyeza barua kwenye majumuisho.

#20 Nyegezi Stendi
Wewe kijana unajua milioni 20 ni nini kwa mtu wa magari? Ni matairi, bima na mafuta. Nikaizike mahakamani miaka miwili nikisubiri mtu aamue kuichukua au kuiacha? Barua ni ahadi, akikubali natafuta. Nauza hata gari moja. Lakini kuilaza tu, hapana.

#21 Joho Jeusi
Ndiyo tofauti yenyewe mkuu. Mwenye ofa ya karatasi anaweza kubadili nia kesho. Aliyeweka fedha mezani ameonyesha anamaanisha, na sheria inamlipa kwa hilo.

#22 Bi Mkubwa Igoma
Wanangu mnabishana juu ya kupewa gharama kama vile ukipewa ndiyo umepata. Ngoja niwaambie yangu.

Nilikuwa na kesi ya kiwanja, nikashinda, nikapewa gharama. Nikaona sasa wakili wangu atalipwa na yule bwana. Wakili akaandaa bili ya gharama milioni 6. Tukaenda kwa afisa wa kukadiria. Bwana yule naye kaleta wakili, wanapekua bili mstari kwa mstari. "Hii safari siku ile kesi iliahirishwa, alisafiri kwenda wapi?" Kata. "Nakala kurasa 200, risiti iko wapi?" Kata. Ada ya wakili ikashushwa. Mwisho wa siku milioni 2 na laki moja. Na kwa kuwa kilichokatwa kilizidi moja ya sita ya bili, nikaambiwa hata gharama za kuja kukadiria gharama sipati. Nikarudi Igoma na mwavuli wangu.

#23 Mzee wa Masijala
Jibu kwa #22. Hiyo ya moja ya sita ni kweli kabisa, iko kwenye Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali namba 264. Wanatoa kwanza ada za mahakama, ndiyo wanapiga hesabu. Na kuna jambo jingine, bili lazima ipelekwe ndani ya siku 60 tangu amri ya gharama itoke. Nimewaona wengi waliochelewa wakaanza kuomba kuongezewa muda.

#24 Joho Jeusi
Na usiporidhika na ukadiriaji unaenda kwa Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21. Kuhusu risiti: ada ya wakili, wengine wanadai risiti ya EFD (mashine ya kodi), wengine wanasema kuna viwango kwenye jedwali hivyo risiti haihitajiki. Mahakama Kuu ina maamuzi ya pande zote mbili, kila wakili anatembea na yale yanayomfaa.

#25 Sato Mbichi
Kwa hiyo wakili anakudai risiti wewe, mahakama inamdai risiti wakili, na wenye dagaa hatuna risiti kabisa. Safi.

#26 Ng'wana Kayenze
Hapo umegusa penyewe Sato. Shemeji kapoteza milioni 12 za mzigo kwa sababu ya risiti. Dagaa wa visiwani unanunua kwa mvuvi mwaloni alfajiri, unampa hela mkononi, unaandika kwenye daftari. Alipeleka lile daftari mahakamani, kurasa zimeganda kwa maji ya ziwa na magamba. Likapokelewa kama kielelezo lakini hakimu akasema halithibitishi bei.

#27 Joho Jeusi
Hasara mahususi, ile inayohesabika kwa shilingi, lazima itajwe mahususi na ithibitishwe kikamilifu. Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992, hiyo inanukuliwa kila siku. Ndiyo maana nawaambia wateja, ukipata ofa usiipime na kile unachodai. Ipime na kile unachoweza kuthibitisha.

#28 Hesabu Kwanza
Nimesoma uzi wote, naona kila mtu anasema 20 ni kubwa kuliko 17 kama vile ni vitu vya aina moja. Mimi ni mhasibu, ngoja tupange.

Swali la kwanza: ile 20 ilikuwa na gharama ndani au nje? Kama nje, shemeji angepata 20 na juu yake alichokwisha kutumia. Kama ndani, ile 20 siyo 20.

Swali la pili: 17 ya hukumu ni bila gharama. Tuseme hakimu angempa gharama, na bili ikakatwa kama ya Bi Mkubwa, akatoka na milioni 3. Hapo 17 na 3 ni 20. Sare. Sasa mtu aliyetoka sare ameshindwa na ofa kweli?

Mtoa mada, barua inasema nini juu ya gharama? Na mpaka siku ile shemeji alikuwa ametumia kiasi gani?

#29 Ng'wana Kayenze
Shemeji kanitumia picha ya barua. Nanukuu: "milioni ishirini (20,000,000/=), ikiwa ni pamoja na gharama zote za shauri na riba, ikiwa ni malipo ya mwisho na kamili." Na ofa ni ya siku 7 tangu barua kupokelewa.

Mpaka siku ile ada ya mahakama na malipo ya kwanza ya wakili ilikuwa milioni 1 na laki 8.

#30 Hesabu Kwanza
Basi 20 ukitoa 1.8 ni milioni 18.2. Hiyo ndiyo ofa halisi. Dhidi ya 17. Shemeji kapitwa kwa milioni 1.2.

Na msihesabu gharama alizotumia baada ya barua kama ushindi wake, maana zile ndizo zilizosababishwa na kukataa. Hapo kwenye #28 ile sare inakufa.

#31 Nyegezi Stendi
Asante. Mhasibu kamaliza. Kapitwa.

#32 Mtoro wa Leicester
Jibu kwa #30. Hesabu yako ni nzuri, ila huku ofa yenye gharama ndani haifai kabisa kuwa ofa ya Sehemu ya 36, kwa sababu hiyo hiyo: mahakama haiwezi kujua ndani ya 20 dai lilikuwa ngapi na gharama ngapi. Inabaki barua ya kawaida tu, inayopimwa kwa hiari ya jaji. Ofa safi inasema: dai kiasi hiki, gharama tutakubaliana au zikadiriwe.

#33 Fundi Injini Nansio
Na hizo siku 7 hakuna anayezisema? Mfanyabiashara wa dagaa siku 7 yuko Ukara au Ghana kule visiwani, mtandao unakuja kwa kupanda juu ya mwamba. Barua inafika kwa wakili mjini. Anampigia, hapatikani. Akirudi, ofa imekufa. Huyo hajakataa ofa, imempita.

#34 Ng'wana Kayenze
Fundi umeongea. Alikuwa Ukara kweli, lakini siku ya tano alipatikana. Akamwambia wakili "milioni 20 waninunulie nini". Maneno yake hayo.

#35 Sato Mbichi
Fundi Injini ulikuwa unamtetea vizuri, mteja wako kakuangusha.

#36 Hesabu Kwanza
Kuna la tatu nililiacha, thamani ya fedha kwa wakati. Milioni 18.2 mwanzoni mwa 2023 kwa mtu wa dagaa ni mtaji unaozunguka. Hiyo 17 ya leo ina riba ya asilimia 7 tangu siku ya hukumu tu, siyo tangu mzigo uharibike. Kwa hiyo pengo ni kubwa kuliko 1.2. Tena mwenye fuso akichelewesha malipo mwaka mzima, riba ni 1,190,000. Pesa ndogo. Mtu wa magari anaweza kuona afadhali achelewe.

#37 Nyegezi Stendi
Usinifundishie watu.

#38 Binti wa Pasiansi
Naomba kuuliza, hakukuwa na usuluhishi? Mimi nilidhani kesi za madai lazima zipite kwa msuluhishi kwanza. Kule aliambiwa nini?

#39 Ng'wana Kayenze
Ulikuwepo. Kule mwenye fuso alisema...

#40 Joho Jeusi
Mkuu simama hapo hapo, usiandike. Yanayosemwa kwenye usuluhishi ni siri, hayatoki chumbani. Ndiyo maana anayesuluhisha siyo yule atakayesikiliza kesi. Barua ya mawakili ni jambo moja, maneno ya kwa msuluhishi ni jambo jingine kabisa, hata kwa ajili ya gharama.

#41 Bi Mkubwa Igoma
Lakini wakili, Katiba yenyewe ibara ya 107A inaiambia mahakama ikuze usuluhishi. Sasa utakuzaje kama anayekataa kila kitu kwa kiburi hapati hata kofi dogo mwishoni? Sisemi shemeji wa mtu ana kiburi.

#42 Joho Jeusi
Mama, na ukimpiga kofi kila anayekataa, mwenye haki ya milioni 38 atalazimika kukubali 20 kwa woga. Mwenye magari kumi ana uwezo wa kuhatarisha gharama. Mwenye gunia kumi za dagaa hana. Haya mambo ya Uingereza yanalalamikiwa huko huko kwa sababu hiyo.

#43 Mtoro wa Leicester
Kweli, yanalalamikiwa. Na Wamarekani wana Kanuni ya 68 inayofanana, ofa itolewe angalau siku 14 kabla ya kesi kusikilizwa. Ila kwao kila mtu hujilipia wakili wake, hivyo kinachohamishwa mara nyingi ni ada za mahakama na vitu vidogo, meno yake hayaumi sana.

#44 Kijana wa Buzuruga
Mimi nilikuwa na kesi ya kufukuzwa kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), nikakataa ofa ya mwajiri, mwisho nikapata pungufu. Ina maana naweza kudaiwa gharama? Naogopa jamani.

#45 Joho Jeusi
Jibu kwa #44. Lala usingizi. Kesi za kazi kwa kawaida hazina gharama. Labda uwe umeleta shauri la kipuuzi au la kusumbua tu. Kukataa ofa peke yake siyo hilo.

#46 Kijana wa Buzuruga
Wabeja sana mkuu.

#47 Ng'wana Kayenze
Sasa twende kwenye kuamua. Shemeji anataka kukata rufaa kwa ajili ya gharama tu. Kuna mtu kamwambia ana siku 45.

#48 Mzee wa Masijala
Siku 90 kwa hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kama kesi ilianzia hapo. Zile 45 ni za maamuzi mengine. Na siku za kusubiri nakala ya hukumu na tuzo (hati fupi ya amri za hukumu) hazihesabiwi, ila awe ameomba kwa maandishi na anatunza barua yenye muhuri wa kupokelewa. Aombe leo.

#49 Joho Jeusi
Hoja ipo: hakimu hakutoa sababu ya kutosha, na kifungu cha 30 kinadai sababu. Nitaipigania hiyo.

#50 Mzee wa Masijala
Nami nitakuambia Jaji atasema "kufaulu kwa sehemu" ni sababu, na hiari ya hakimu haiguswi mpaka uonyeshe kaitumia vibaya. Halafu mwenye fuso naye ataleta rufaa yake kupinga hata ile milioni 3.

#51 Nyegezi Stendi
Na safari hii ataandika barua yenye maneno ya Leicester.

#52 Hesabu Kwanza
Rufaa ya kudai pengine milioni 3 za gharama, wakili atataka ngapi? Akisema 2, hapo umebakiza 1, na bado bili itakatwa. Mimi siisaini hiyo hundi.

#53 Bi Mkubwa Igoma
Akate. Kanuni isipopingwa hakimu ataendelea kuandika mstari mmoja.

#54 Joho Jeusi
Akate au asikate, asiache kukaza hukumu. Rufaa peke yake haizuii utekelezaji mpaka mahakama iamuru hivyo. Apeleke maombi ya kukaza hukumu ya 17 sasa, dalali wa mahakama aanze kutafuta mali. Kwanza waangalie fuso limesajiliwa kwa jina la nani, maana kwenye #11 alishakana kuwa ni lake.

#55 Nyegezi Stendi
Mtakuta ni la mke.

#56 Ng'wana Kayenze
Nimempelekea shemeji uzi wote, kasoma mpaka #52 akanyamaza. Kesho asubuhi tunaenda kuomba nakala ya hukumu. Rufaa bado anasema anataka, dada yangu anasema hapana.

#57 Mtoro wa Leicester
Mtupe mrejesho. Na kama kuna mdau ana hukumu ya Kanda ya Mwanza ambayo hakimu au jaji alitaja ofa iliyokataliwa waziwazi wakati wa kugawa gharama, aiweke hapa, jina la wahusika na mwaka tu. Nimetafuta toka jana, napata za Kenya.

#58 Joho Jeusi
Nina moja ya Mahakama Kuu naikumbuka kwa mbali, ila ilikuwa Amri ya XXIV, siyo barua. Nikifika ofisini nitaangalia faili.